Kioo cha Kuzima Mng'ao

2 Juni 2024

Brigita amefika leo mchana kutoka Arusha na begi moja la nguo na masanduku mawili ya vifaa vya kupigia picha. Atakaa hapa Kansay mpaka Oktoba. Shirika moja la maji limesema litalijenga upya lambo letu, ila halitaki maombi ya maandishi. Linataka filamu ya dakika kumi inayoonyesha maji yenyewe, tangu mwisho wa masika hadi kiangazi kikiwa kikali. Mimi ni katibu wa kamati ya maji, na mimi ndiye niliyemwita binti yangu aje kuifanya kazi hiyo. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na sita. Nilidhani barua yangu ingetosha.

Nitaandika humu kila jambo la kazi hii kwa tarehe yake.

5 Juni

Mvua nyepesi alfajiri. Huenda ni ya mwisho. Kwenye ukingo wa lambo tuliwahi kupanga mawe saba, moja chini ya jingine, kupimia maji. Leo maji yamefunika yote saba.

9 Juni, Jumapili

Baada ya misa Brigita alinionyesha picha za jana.

"Maji yako wapi?" nikamwuliza.

"Ndiyo hayo, Baba. Huo weupe."

"Hiyo ni shuka iliyoanikwa."

Hakucheka. Alinieleza kwamba jua la huku ni kali kuliko la mjini, linaingia kwenye lenzi kutoka ubavuni na kuichafua picha, kisha linaruka juu ya maji na kuyageuza kioo. Anahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni kofia ya lenzi, yaani ukingo mweusi wa kuzuia jua la pembeni. Cha pili ni kichujio, kioo kinachovishwa mbele ya lenzi ili kupunguza mwanga au kuzima mng'ao. Kamera yake ni ya mkono wa pili, na vitu hivyo viwili vikiwa vya kampuni iliyoitengeneza vingegharimu karibu sawa na kamera yenyewe.

"Kofia ni kofia," nikasema. "Tutaitengeneza."

12 Juni

Tumetengeneza kofia ya kwanza kwa kadibodi ya katoni la majani ya chai. Ndani niliipaka rangi ya ubao iliyobaki nilipostaafu. Brigita alishangaa kuona inavyofaa: haing'ai hata kidogo, nayo ndiyo sifa inayotakiwa. Saa tisa upepo wa mlima Oldeani uliinyakua, ukaipeleka kwenye zizi la jirani, ikaliwa na mbuzi.

17 Juni

Leonce amekuja na gambuti lililotoboka. Huyu ni mwanangu mkubwa. Ana bustani ya kabichi na karoti upande wa chini, na huuza kwenye hoteli za watalii njia ya Ngorongoro. Mwaka jana alichimba kisima chake mwenyewe, na padri alikuja kukibariki. Sisemi mara nyingi kwamba ninajivunia mtoto, lakini siku ile nilijivunia.

Brigita alikata shingo ya gambuti, akaivisha kwenye lenzi. Ilishika vizuri kuliko kadibodi, na hata ikiangushwa haivunjiki.

"Kamera imevaa gambuti," Leonce akasema. "Kesho itaomba jembe."

"Ikiomba nitaipeleka kwako," dada yake akajibu. "Wewe una kazi nyingi na maji mengi."

Tulicheka sote.

18 Juni

Pembe nne za picha zimetoka nyeusi. Kofia ni ndefu mno. Tumepunguza urefu wake kwa vidole viwili. Sasa ni sawa.

30 Juni

Jiwe la kwanza limetokeza. Mwaka jana lilitokeza katikati ya Julai.

1 Julai

Tulikwenda Karatu mjini, dukani kwa Shaabani, anayeuza simu na vikorokoro vyake. Nilimfundisha darasa la sita. Bado husimama ninapoingia. Alitoa boksi la vichujio vya bei nafuu. Kimoja kilikuwa kioo kitupu kisichobadilisha chochote, kazi yake ni kupokea vumbi na mikwaruzo badala ya lenzi. Kingine kilikuwa cheusi cha tabaka mbili, ukikizungusha giza linaongezeka.

Brigita alikivisha hicho cheusi, akaielekeza kamera barabarani, akakizungusha. Juu ya anga pakatokea alama kubwa ya giza iliyokatiza picha pande zote.

"Shaabani, huu msalaba umetoka wapi?"

"Dada, nyinyi si Wakristo? Mnalalamikia msalaba kwangu mimi?"

Hata mimi nilishindwa kujizuia. Tulichukua kile kitupu kwa ajili ya vumbi, cheusi tukamwachia. Brigita alisema kichujio kibaya ni kibaya kuliko kukosa kichujio.

8 Julai

Jiwe la pili limetokeza, na la tatu linaonekana kichwa. Watu wanaanza kutazamana kwenye bomba la kamati, wanapoteka maji ya lambo.

10 Julai

Remigius, mwenyekiti wa kitongoji, amekuja kunionyesha jambo. Shamba la Isaya linapakana na lambo upande wa mashariki. Nyasi zote za kitongoji zimekauka na kuwa rangi ya mkate, lakini nyuma ya nyumba ya Isaya kuna kipande cha nyasi mbichi, chenye ukubwa wa darasa. Udongo wake una unyevu. Nilikanyaga, kiatu kikabonyea.

"Hapo pana bomba la siri," Remigius akasema.

Sikuona sababu ya kumpinga.

14 Julai, Jumapili

Kamati ilikwenda kwa Isaya. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mkimya, anaishi na mkewe na mama yake mzazi, Bibi Cresensia, ambaye hatoki tena kitandani. Alitupokea vizuri. Tulipomweleza tulichokijia, alisema hajui unyevu ule umetoka wapi. Hata yeye ulimshangaza.

"Basi tuchimbe tuone," Remigius akamwambia.

"Chimbeni kokote, ila si hapo."

"Kwa nini si hapo?"

"Mnajua aliyelala hapo."

Ni kweli tunajua. Baba yake alizikwa pale, na nyasi mbichi zinaanzia miguuni mwa kaburi.

"Isaya," nikasema, "mtu asiye na la kuficha hufungua mlango."

"Mwalimu, huo si mlango. Huyo ni baba yangu."

Tuliondoka bila kuchimba. Njiani kila mmoja alisema neno moja: amekataa.

21 Julai

Wazee wamekaa. Kwetu Wairaqw, mtu akilikosea eneo zima na asikiri, eneo linamtenga. Haongeleshwi. Hasalimiwi. Hapewi moto wala chumvi, ng'ombe wake hawachanganywi na wa wenzake, hasaidiwi kulima wala kuvuna, wala mtu hakanyagi uani kwake kwa harusi au kwa msiba, mpaka akiri na kutoa faini. Anayevunja katazo naye hutengwa. Isaya aliulizwa mara tatu. Mara tatu alijibu kwamba hajaiba maji.

Waliniomba niandike uamuzi. Niliuandika kwa aya nne, bila kosa, ukabandikwa mlangoni pa ofisi ya kitongoji.

Brigita aliusoma pale mlangoni, akaja nyumbani moja kwa moja.

"Baba, mmeliona hilo bomba?"

"Tumeona nyasi."

"Nimekuuliza bomba."

"Aliyekataa uchunguzi ameujibu uchunguzi. Na wewe umekuja kupiga picha, si kuendesha kesi."

Aliingia jikoni.

27 Julai

Jiwe la tatu.

3 Agosti

Vumbi. Kile kioo kitupu cha Shaabani kimepata mkwaruzo mrefu kutokana na mchanga. Brigita amefurahi, maana ungekuwa kwenye lenzi. Picha za maji bado nyeupe. Amejaribu saa kumi na mbili asubuhi: maji yanaonekana kidogo, lakini watu ni vivuli tu.

6 Agosti

Nimekutana na Isaya njiani, akiswaga ng'ombe wake watatu peke yake. Alivua kofia kama kawaida yake. Nilitazama upande wa pili. Nilipogeuka nyuma alikuwa bado ameishika mkononi.

10 Agosti

Jiwe la nne. Isaya ametengwa wiki tatu, na bomba lake, kama lipo, hakuna anayelitumia, maana kila mtu anamtazama. Mbona maji yanashuka vilevile? Nimeandika swali hili hapa. Sijaliuliza kwenye kamati.

13 Agosti

Nimesikia kwamba Brigita huenda kwa Bibi Cresensia kila anaporudi kutoka lamboni. Nilimwonya.

"Watakutenga na wewe."

"Mimi naishi Arusha, Baba. Wanitenge na nini?"

"Watanitenga mimi."

Alifuta vumbi kwenye lenzi. "Bibi anauliza kwa nini kanisani wamemwacha. Amedhani amekosa yeye."

19 Agosti

Bibi Cresensia amefariki usiku wa kuamkia leo.

20 Agosti

Naandika siku nzima jinsi ilivyokwenda.

Hakuna aliyekwenda. Kwa kawaida mtu mzima akifa huku, kufikia saa tatu asubuhi ua umejaa, wanawake wamekwisha kuwasha moto mafigani, na vijana wameshika zamu za kuchimba. Leo barabara ya kwenda kwa Isaya ilikuwa tupu kama siku ya sensa. Isaya alileta vibarua wawili kutoka mjini, watu wasiomjua marehemu. Kutoka barazani kwangu nilisikia majembe. Yalianza saa mbili, yakanyamaza, yakaanza tena, yakanyamaza muda mrefu.

Saa sita Remigius alipita.

"Umesikia? Kaburi limetoa maji. Wanayachota kwa ndoo. Kila wakitoa yanajaa."

Aliegemea nguzo ya baraza.

"Ardhi yenyewe imemsema, Mwalimu."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikubali, nalo naliandika.

Padri alikuja akazika, watu wakiwa sita: Isaya, mkewe, vibarua, katekista na Brigita. Brigita alirudi na matope mpaka magotini. Hakuwa na kamera.

"Alizikwa kwenye tope," akasema. "Waliweka mabua ya mahindi chini ili sanduku lisielee. Isaya aliingia mwenyewe kulishika."

Mke wangu alipofariki, miaka tisa iliyopita, Bibi Cresensia alikaa nyumbani kwangu siku nne. Alilala jikoni sakafuni. Ndiye aliyenilazimisha kunywa uji. Leo alikuwa umbali wa kurusha jiwe, na mimi nimekaa kwenye kiti, kwa sababu niliandika kwamba mtu asiende.

25 Agosti, Jumapili

Misa. Padri alinipa komunyo bila kunitazama.

28 Agosti

Julius, dereva wa watalii, ameleta salamu na miwani yake ya jua. Ilianguka chini ya tairi pale geti la Ngorongoro. Kioo kimoja kimesagika, cha pili kimebaki kizima.

"Nilitaka kuitupa, nikakumbuka huyu fundi wa gambuti," akasema, akimcheka Brigita.

"Ni miwani tu?" akamwuliza.

"Tu? Hii inakata mwako wa maji, dada. Kule kreta, ziwani, bila hii flamingo huwaoni, unaona bati tupu linawaka. Madereva wote makini wanavaa hii. Wasiokuwa makini wanaona bati."

Brigita alikinyakua kile kioo, akakiweka mbele ya skrini ya simu yake, akakizungusha polepole. Kilipofika upande mmoja, skrini ikawa nyeusi kabisa. Akazungusha tena, ikarudi. Alipiga kelele kama mtoto. Alisema hiyo ndiyo dalili ya kioo anachokitafuta tangu Juni, kile cha kuzima mng'ao, ambacho hawezi kukinunua.

30 Agosti

Ametumia siku mbili. Amekata pete ya mpira kwenye kipande kilichobaki cha gambuti, akakibandika kioo cha Julius kwa supaglu, akaivisha pete hiyo mbele ya lenzi kwa namna ambayo inaweza kuzungushwa kwa kidole. Kioo kimepinda kidogo, kwa hiyo kingo za picha zinalegea. Anasema katikati panatosha. Nimemsaidia kusugua gundi iliyomwagika. Ni mara ya kwanza tumekaa meza moja tangu msiba.

2 Septemba

Saa tatu asubuhi Brigita aliniita lamboni. Jiwe la tano limekwisha kutokeza. Alikuwa amesimamisha kamera juu ya ukingo, ikitazama maji kwa mshazari. Alisema ukitazama wima au usawa wa macho, kioo hakifanyi kazi. Ni lazima mshazari.

"Tazama hapa, Baba, kisha mimi nizungushe."

Kwenye kile kiskrini maji yalikuwa shuka ileile ya Juni. Alizungusha pete. Weupe ulififia, ukaisha, nikaona chini. Niliona tope, mawe, beseni bovu la mtu, nyayo za ng'ombe. Miaka ishirini nimelitazama lambo lile na sikuwahi kuona sakafu yake.

Kisha nikaona mstari mweusi.

"Hilo ni nini?"

"Bomba."

"La kamati?"

"La kamati lile pale kulia, lenye chujio la wavu. Hili ni jingine."

Bomba lilikuwa limelazwa chini na kugandamizwa kwa mawe, likaingia kwenye ukingo wa mashariki. Mashariki ni kwa Isaya. Nilifurahi. Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli: moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, nikajiambia, kumbe hatukumwonea.

"Tulifuate," nikasema.

Nyuma ya ukingo tulichimba kidogo kwa fimbo, tukalikuta, kina cha kiganja. Tulikwenda hatua ishirini, tukachimba tena, lipo. Lilipita pembeni mwa ua wa Isaya. Mahali lilipokaribia zile nyasi mbichi hatukugusa ardhi. Tulizunguka, tukatafuta upande wa pili. Kama lingekuwa la Isaya, lingeishia pale. Lilikuwapo tena. Lilikuwa linaendelea kuteremka.

Brigita aliacha kuchimba. Alitazama mbele, na mimi nikatazama anakotazama. Kule chini kulikuwa na kijani kimoja tu, mistari iliyonyooka ya kabichi.

Nilikwenda peke yangu. Nilikiondoa kifuniko cha kisima cha Leonce, nikainama. Maji yalikuwa mita moja tu kutoka mdomoni, na ubavuni, katikati ya mawe yaliyopangwa kwa ufundi, bomba jeusi lilikuwa likimwaga maji taratibu.

Leonce alinikuta nimepiga magoti pale.

"Baba, utaanguka."

"Kisima hiki kina kina gani?"

Alikiokota kifuniko, akakipangusa udongo.

"Nimekuuliza."

"Nilichimba mita tisa, nikakuta mwamba. Kikavu. Na padri alikuwa amekwisha kualikwa, Baba. Wewe ndiye uliyemwalika. Ulikuwa umemwambia kila mtu."

"Na Isaya?"

"Mimi sikumtaja Isaya. Nyinyi ndio mliokwenda kwake."

"Na ulinyamaza."

"Nilidhani mtamtoza kondoo, yaishe. Wazee hutoza kondoo. Kisha nikaona barua yako mlangoni." Alikaa chini kwenye udongo, mtu mzima wa miaka thelathini na minane. "Ningesema lini? Kabla ya bibi kufa ilikuwa vigumu. Baada ya bibi kufa, ungesema wewe?"

Nilirejea nyumbani. Brigita alikuwa mezani na kamera.

"Kifute hicho kipande," nikamwambia.

"Baba."

"Tutalitoa bomba kimya kimya. Isaya atafunguliwa. Nitawashawishi wazee. Hakuna haja ya kumwangamiza ndugu yako."

Aliisukuma kamera mpaka mbele yangu. "Kitufe cha kufuta ni hiki chenye picha ya pipa. Kitakuuliza kama una hakika. Mimi sitakibonyeza. Bonyeza wewe."

Akatoka.

3 Septemba

Jiwe la tano. Kamera iko mezani.

4 Septemba

Jiwe la tano. Kamera iko mezani. Leonce hakuja.

5 Septemba

Leo niliishika. Nilikibonyeza kitufe mara moja, ikaniuliza kama nina hakika. Nilikaa na swali hilo mpaka skrini ikazima yenyewe.

Nimekuwa nikimfikiria Isaya amesimama ndani ya kaburi, maji kiunoni, ameshika sanduku la mama yake lisielee. Maji yale yalikuwa ya Leonce. Kabichi zake nimekula mwaka mzima.

6 Septemba

Nimemrudishia Brigita kamera, nikamwomba aandae kipande hicho kionyeshwe Jumapili. Kisha nilikwenda kwa Leonce kumwambia, ili asikie kwangu kwanza. Aliuliza kama anaweza kuondoka aende kwa shemeji zake huko Wasso mpaka mambo yapoe. Nilimwambia hapana. Hakubisha.

8 Septemba, Jumapili

Mkutano ulifanyika darasani baada ya misa. Brigita aliweka televisheni juu ya meza ya mwalimu. Watu walitazama lambo lao jeupe. Picha ilipofika pale alipozungusha pete, na chini kukaonekana, chumba kizima kilivuta pumzi. Wanawake walilitambua beseni. Kisha wakaliona bomba.

Nilisimama, nikasoma. Niliandika aya moja tu: bomba ni la Leonce mwanangu, linapita kwenye ua wa Isaya bila Isaya kujua, unyevu ule bila shaka ni mvujo wake, katibu aliandika uamuzi wa kumtenga Isaya bila ushahidi, siku sita zilizopita katibu alitaka ushahidi huu ufutwe, katibu anajiuzulu.

Watu walimgeukia mwenyekiti. Remigius akasema, "Mwalimu, haya ungetuletea wazee kwanza, tuyazungumze kwa utulivu."

"Isaya hatukumtenga kwa utulivu."

Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Na sisi tulikaa ndani bibi akizikwa na vibarua. Nani atatusomea aya yetu?"

Wazee waliamua palepale. Isaya amefunguliwa. Leonce atatoa kondoo wa kusafisha eneo, atakifukia kisima, na atalichimbua bomba lote kwa mkono wake mwenyewe, bila kusaidiwa. Na kitongoji chote kitakwenda kukaa msiba uliopita.

14 Septemba

Tulikwenda. Ua ulijaa, wanawake walibeba kuni na unga, kana kwamba mauti yalikuwa ya jana. Isaya alisimama mlangoni akapokea mkono wa kila mtu. Mkewe hakutoka. Watu waliimba. Ilikuwa vigumu kuimba, maana kila mmoja alijua ni wiki ya nne.

Brigita alikuwa na kamera begani kwa ajili ya ile filamu.

"Mwanangu, iweke chini hiyo," Isaya akamwambia kwa upole. "Bomba mkalionyeshe huko mnakolipeleka. Mama asionyeshwe."

Aliiweka ndani ya sanduku lake.

Zamu yangu ya kumpa mkono ilipofika, nilikuwa nimeandaa maneno. Alinipa mkono kabla sijayasema, akamgeukia aliyefuata.

16 Septemba

Leonce alianza kuchimbua alfajiri, kutoka lamboni. Watu walikaa kando wakitazama. Kufikia saa nne alikuwa kwenye ua wa Isaya, mikono imepasuka. Alivuta bomba likatoka ardhini kipande kwa kipande, hadi alipofika kwenye nyasi mbichi. Hapo akasimama. Mbele yake makaburi yalikuwa mawili sasa, la zamani lenye msalaba wa saruji, na jipya ambalo udongo wake umedidimia katikati.

Alinitazama mimi.

Isaya alitoka nyumbani kwake, akamwendea, akanyoosha mkono. Leonce akampa jembe.

"Hapa nitachimba mwenyewe," Isaya akasema.

Alichimba taratibu, kwa ncha ya jembe, kisha kwa vidole. Hatua moja tu kutoka kaburi la baba yake alikuta kiungo cha bomba, kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na maji yakidondoka. Alikifungua. Maji machache yaliyobaki yalimwagika, yakakauka. Alianza kulivuta bomba, lakini lilikuwa limeshikwa na mizizi ya nyasi, nalo ni refu, na yeye hakuwa na mtu wa upande wa pili. Leonce alikuwa amekatazwa kusaidiwa. Kumsaidia Isaya hakuna aliyekuwa amekatazwa, lakini watu wote walibaki wamesimama.

Nilishuka, nikaishika ncha. Nina miaka sabini na miwili, na mikono yangu haikuzoea kazi hiyo. Tulivuta kwa pamoja, yeye akiwa upande wa kaburi na mimi upande wa ua, mpaka bomba likatoka lote. Hakuniambia niache. Alilikunja, akamkabidhi Leonce, akachukua koleo, akaanza kujaza udongo mkavu pale kaburi la mama yake lilipodidimia.